Kupaka Deraya Nyeusi kwenye Visanamu: Mwongozo Kamili, Kuanzia Praima Hadi Vanishi

Sogeza karibu na dirisha vitu vitatu vyeusi: sufuria iliyopikiwa kuni, kinyago cha mpingo kilichosuguliwa vizuri, na kofia nyeusi ya dereva wa bodaboda. Vitazame dakika tano bila kushika brashi. Sufuria ina masizi, na mwanga ukiifikia unamezwa. Kingo zake zinaonekana kwa kijivu hafifu tu. Mpingo una mng'ao laini uliotanda, wenye ukahawia kwa mbali. Kofia ina nukta kali nyeupe juu, na kuzunguka nukta hiyo kuna utando wa samawati, ambao ni anga lililojitazama humo. Vyote vitatu tunaviita vyeusi. Kinachovitofautisha ni mwanga: umetanda kiasi gani, una ukali gani, na una rangi gani.

Kazi yote ya kupaka deraya nyeusi imo humo. Bega la kisanamu lina ukubwa wa punje ya hindi, na punje hiyo haina nafasi ya kushika mwanga wa chumba jinsi kofia inavyoushika. Ukiipaka nyeusi tupu, mtu aliyekaa upande wa pili wa meza ataona doa lenye miguu. Kwa hiyo mwanga unauchora wewe mwenyewe. Nyekundu inakupa njia mbili, ya kushuka kwenye kivuli na ya kupanda kwenye mwanga. Nyeusi imekwisha kufika chini. Imebaki njia moja tu, ya kupanda, na ukipanda mno deraya inageuka ya kijivu.

Nitafuata kisanamu kimoja hadi mwisho: askari wa Black Templars kutoka mchezo wa mezani wa Warhammer 40,000 wa kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza. Anasimama kwenye kitako cha milimita 32, deraya yake ni nyeusi na mabega yake ni meupe yenye msalaba mweusi. Nimemchagua kwa sababu mwilini mwake yamo maumbo yote: mviringo wa kofia na magoti, mabomba ya miundi, bapa za kifua, na kona nyingi kali.

Amua kwanza ni weusi gani

Hatua hii wengi wanairuka, nayo ndiyo inayoamua rangi zote zitakazofuata. Jiulize deraya imetengenezwa kwa kitu gani.

Wapanda farasi wa Kijerumani wa karne ya 16 walioitwa Schwarze Reiter, yaani wapanda farasi weusi, walivaa chuma kilichopakwa rangi nyeusi ili kisiingie kutu. Mara nyingi chuma hicho kiliachwa na alama za nyundo, kwa kuwa kukisugua hadi king'ae kulikuwa gharama. Huo ni weusi wa sufuria: mkavu, wenye ukahawia, unaobanduka kingoni na kuacha chuma wazi. Deraya za samurai wa Japani zilipakwa laka itokanayo na utomvu wa mti wa urushi, mkono juu ya mkono, yaani tabaka juu ya tabaka, hadi zikang'aa. Huo ni weusi wa mpingo. Askari wetu anavaa mabamba ya kubuni, kwa hiyo uamuzi ni wako. Mimi nampa weusi wa kofia ya bodaboda iliyotumika mwaka mzima: wa baridi, wenye samawati ndani yake, unaong'aa kiasi lakini si kioo.

Kwa weusi huo wa baridi, rangi za Citadel, chapa ya Games Workshop hiyohiyo, ninazotumia ni Corvus Black kwa msingi, kisha Dark Reaper, Thunderhawk Blue, na tone la Fenrisian Grey kwa nukta za mwisho. Ukitaka weusi usioegemea popote, panda kwa Eshin Grey, Dawnstone na Administratum Grey. Kwa wenye rangi za kampuni ya Vallejo, namba 70.950 ni nyeusi, 70.995 ni German Grey, 70.992 ni Neutral Grey, na kwa kuchanganya hizo tatu unapata ngazi zote unazohitaji. Weusi wa moto, ule wa sufuria, unatokana na nyeusi iliyotiwa kahawia iliyokoza kama Rhinox Hide au Vallejo 70.822, na mwanga wake upande kwa kijivu chenye mchanga ndani. Ukishachagua baridi au moto, usibadili katikati. Bega la samawati juu ya goti la kahawia litaonekana kama limeazimwa kwa askari mwingine.

Rangi za akriliki za madukani kwetu, zile za chupa kubwa za wanafunzi, ninazipenda kwa udongo wa kitako. Kwenye deraya usizitumie. Chembe zake ni nene, na nyeusi ndiyo rangi inayofichua kila chembe.

Kusafisha na praima

Kwangua mistari ya kalibu, ile iliyobaki pale vipande vya kalibu vilipokutana, kwa mgongo wa kisu, kisha pitisha msasa laini. Kwenye deraya nyeusi hatua hii ina uzito wa pekee, maana baadaye utapaka mwanga kwenye kila ukingo, na mstari wa kalibu ni ukingo usiotakiwa unaopita katikati ya muundi. Kisanamu cha resini kioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kikauke kabisa. Silaha na mkoba wa mgongoni viache bila kubandikwa kama vinaziba kifua.

Tikisa kopo la praima nyeusi dakika mbili kamili, lishike umbali wa sentimita 20 hadi 30, na upulize kwa mikupuo mifupi inayoanzia nje ya kisanamu na kuishia nje. Wakazi wa pwani tuna adui mmoja, unyevu wa hewa. Wakati wa masika nilipulizia kisanamu asubuhi mapema barazani, na kilipokauka kilikuwa na uso kama msasa, chembe juu ya chembe. Alfajiri unyevu huwa juu kabisa, hata kama anga ni safi. Subiri kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kivulini, siku isiyo na mvua wala upepo. Kama siku hiyo haipatikani, tumia praima ya kupaka kwa brashi: mikono miwili myepesi, ya kwanza ikauke kabla ya pili, kisha uiache usiku kucha.

Piga picha kabla ya kupaka

Praima ikishakauka, fanya jambo ambalo limenisaidia kuliko rangi yoyote niliyonunua. Lowesha kisanamu kwa maji kwa brashi kubwa, kiweke chini ya taa moja iliyo juu na mbele kidogo, upande wa kushoto, kisha ukipige picha kwa simu. Maji yanaifanya praima ing'ae, na ghafla unaona mwanga unapokaa: mpevu mdogo juu ya kofia, mstari wa wima kwenye muundi, pembetatu kwenye kifua, nukta gotini. Piga picha tatu, ya mbele na za pande mbili. Hiyo ndiyo ramani yako. Usihamishe taa kichwani mwako tena hadi kazi iishe.

Rangi ya msingi

Paka Corvus Black mwili mzima, mikono miwili myepesi, ukiacha praima nyeusi kabisa ndani ya mitaro na maungio. Sababu ni ile niliyotaja mwanzo: ukianza na nyeusi tupu huna pa kushukia. Corvus Black imepanda hatua ndogo sana, jicho bado linaiita nyeusi, lakini ikikaa karibu na mtaro mweusi kabisa tofauti inaonekana. Hapo umepata kivuli bila kukipaka.

Kwa joto letu rangi inakauka juu ya sahani kabla hujaigusa mara ya pili. Tengeneza paleti yenye unyevu: kontena la chakula lenye kifuniko, tishu kadhaa zilizoloweshwa chini, karatasi ya kuokea juu yake. Rangi ikae juu ya karatasi. Ukifunga kifuniko, hata kesho bado inafaa.

Kujenga umbo

Changanya Corvus Black na Dark Reaper nusu kwa nusu, kisha ongeza maji hadi ukipitisha brashi kwenye karatasi uione karatasi chini yake. Kwangu huwa ni tone moja la rangi kwa manne ya maji. Chovya, kisha futa brashi kwenye tishu. Usipofuta, maji yatakimbilia mitaroni na kuacha duara la chumvichumvi. Vuta brashi kuelekea mahali mwanga ulipo kwenye picha yako, kwa sababu rangi nyingi hubaki pale brashi inapoinuliwa. Acha ikauke, rudia, kila mara eneo likipungua. Mara tatu au nne zinatosha. Kisha Dark Reaper peke yake, nyepesi vilevile, katikati ya lile eneo.

Kila umbo lina tabia yake. Kofia na magoti ni mipira: mwanga ni mpevu au duara dogo juu, na chini kabisa unaweza kuweka utepe hafifu wa mwanga unaorudi kutoka ardhini. Muundi ni bomba: mstari wa wima usiogusa kingo, mpana juu, unaofifia kuelekea kifundo. Bapa ya kifua inataka mteremko, upande mmoja uwe na mwanga na ule wa pili uwe giza, na bapa inayopakana nayo ifanye kinyume chake. Hapo ndipo deraya inapoanza kuonekana ngumu.

Kipimo changu ni hiki: robo tatu ya deraya ibaki kwenye rangi ya msingi au chini yake. Rudisha kisanamu umbali wa mkono, finya macho. Kama neno la kwanza linalokujia ni "kijivu," umevuka.

Kingo

Hapa ndipo deraya nyeusi inapopata uhai wake, na hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Usikimbie.

Rangi ya kingo isiwe maji kama ile ya kujenga umbo, wala isiwe nzito kama ilivyotoka koponi. Iwe kama maziwa freshi. Jaribu mstari mmoja kwenye ukucha wa dole gumba. Ukitoka bila kukatika na bila kutanda, endelea. Brashi haihitaji kuwa nyembamba kama sindano. Namba 1 yenye ncha nzuri ni bora kuliko namba ndogo sana, kwa sababu inabeba rangi ya kutosha na haikaukii njiani. Kandamiza viganja viwili pamoja, viwiko juu ya meza, na usogeze kidole tu. Tumia ubavu wa brashi badala ya ncha: uulaze juu ya ukingo kama unavyopaka siagi kwenye ukingo wa mkate, na ukingo wenyewe utajichukulia rangi.

Mzunguko wa kwanza ni wa Dark Reaper kwenye kingo zote, pamoja na zile za chini. Mstari unaweza kuwa mnene kidogo, hauna madhara, maana bado ni giza.

Mzunguko wa pili ni wa Thunderhawk Blue, na hapa unaanza kuchagua. Pitia kingo zinazoitazama taa yako tu: sehemu ya juu ya kofia, ukingo wa juu wa kifua, magoti, ukingo wa nje wa mikono. Mstari uwe mwembamba kuliko wa kwanza, ili ule wa giza uonekane pembeni yake. Usiufikishe mwisho. Anzia kwenye kona, vuta hadi katikati ya ukingo, inua brashi. Kisha anzia kona ya pili, kutana na wa kwanza. Mwanga unakuwa mkali kwenye kona na hafifu katikati, kama ulivyo kwenye ukingo wa meza iliyopigwa vanishi.

Mzunguko wa tatu ni nukta za Fenrisian Grey. Nukta moja pale kingo mbili au tatu zinapokutana, moja juu ya goti, moja au mbili kwenye kofia. Kumi au kumi na mbili kwa askari mzima. Ukivutwa kuongeza ya kumi na tatu, osha brashi.

Kosa kubwa ninaloliona ni kuzipa kingo zote mstari mmoja wa ukali mmoja, kichwani hadi kisiginoni. Matokeo yake ni mchoro wa chaki kwenye ubao: mistari safi sana, lakini hakuna uzito ndani yake. Kingo za chini zina haki ya kubaki gizani. Kosa la pili ni kupandisha kwa kutia nyeupe. Nyeupe juu ya nyeusi inaleta unga. Tia samawati hafifu kwa weusi wa baridi, rangi ya mfupa kwa weusi wa moto.

Mkono ukiteleza, usifute kwa kidole. Acha ikauke, kisha punguza mstari kutoka upande wa bapa kwa rangi ya msingi. Mistari yangu mingi iliyo myembamba imepatikana hivyo, kwa kukatwa baadaye.

Baada ya kingo, changanya nyeusi na tone la samawati iliyokoza, nyepesi kabisa kama chai ya rangi, na uipitishe mara moja juu ya bapa zenye mwanga. Inazifunga ngazi zote pamoja. Kama kijivu kilizidi, hii ndiyo dawa yake; rudia hadi weusi urudi. Nuln Oil, rangi nyeusi ya majimaji ya kutia kivuli, iweke kwenye maungio na kuzunguka ribiti tu, kwa ncha ya brashi. Ukiimwaga juu ya deraya nzima inazima kila mwanga ulioutafuta.

Majirani wa nyeusi

Jicho linapima nyeusi kwa kilicho kando yake. Bega jeupe la askari huyu usilianze na nyeupe. Anza na kijivu hafifu, panda hadi rangi ya mfupa, na nyeupe tupu iwe kwenye ukingo wa juu peke yake. Nyekundu ya lakiri kwenye karatasi za viapo, shaba kwenye tai wa kifuani, ngozi ya kahawia kwenye mkanda: vitu hivi vidogo vinaifanya deraya ionekane nyeusi zaidi bila wewe kuigusa. Kitako kiwe na udongo mwepesi, mchanga au vumbi jekundu, ili buti zisipotelee ardhini.

Uchakavu

Fanya kidogo, na mahali panapogusana na dunia. Kwa mkwaruzo, chora mstari mfupi wa Thunderhawk Blue, na juu yake mstari wa nyeusi tupu ulio mwembamba zaidi, ukiacha ule wa mwanga uonekane chini tu. Jicho litaona mfereji uliochimbwa. Kwa kubanduka, nyofoa kipande cha sponji, chovya, futa karibu rangi yote kwenye tishu, kisha gusa magoti na buti.

Kwa Schwarze Reiter nina njia ninayoipenda sana: penseli laini, 2B au zaidi. Sugua ubavu wa risasi yake kwenye kingo na kwenye vipini, halafu bonyeza kwa kidole. Unapata chuma halisi kinachochungulia chini ya rangi, kwa mng'ao ambao rangi ya fedha haiufikii. Ifanye baada ya vanishi, vinginevyo vanishi itauzima.

Vanishi na kikosi kizima

Vanishi isiyong'aa kabisa inapunguza kina cha nyeusi, na ikipulizwa kwenye unyevu inaacha ukungu mweupe ambao kwenye nyeusi hauna pa kujificha. Mimi natumia ya mng'ao wa kati kwa brashi kwenye deraya, na isiyong'aa kwenye nguo na ngozi. Kwa deraya ya laka ya samurai, tumia inayong'aa kwenye mabamba peke yake, na uache kamba na vitambaa vikavu.

Kama una askari kumi, hatua zote hizi kwa kila mmoja zitakula wiki nyingi. Wafuasi wapate njia fupi: praima nyeusi, kisha kijivu kikipulizwa kutoka juu tu, mkono mmoja wa Contrast (rangi ya Citadel inayotoa msingi na kivuli kwa mpako mmoja) iitwayo Black Templar, mzunguko mmoja wa kingo kwenye kofia na magoti, basi. Njia ndefu iweke kwa kiongozi wao. Mchanganyiko wako wa msingi utengeneze mwingi kuliko unavyohitaji, uumimine kwenye kichupa kitupu kinachofungika vizuri, na uandike vipimo vyake kwenye karatasi iliyobandikwa ubavuni: matone mangapi ya nini. Askari wa kumi anaweza kuja baada ya miezi minne, naye atataka weusi uleule wa wa kwanza.